Alama Iliyo katika Damu ya Gracien

Kadutu, Bukavu

Shemeji Marcelline,

Amani ya Kristo ikukute huko Bunyakiri. Mvua imeanza, na paa la kanisa linavuja.

Marehemu ndugu yangu Apollinaire hakuvuta sigara. Kwa hiyo hospitali iliposema kansa ya mapafu, familia ilisema sumu, ikakufukuza wewe mkewe.

Sasa mwanao Gracien amepimwa damu Ubelgiji. Ana alama ya urithi, yaonekana ya babaye, inayozidisha hatari ya kansa hiyo. Bado haumwi.

Aliniambia mimi, baba yake mkubwa, kwenye simu: «Papa mukubwa, mama arudi kwake. Ile ya damu yangu, usimuambie.»

Familia imekubali, nyumba yako imefagiliwa. Lakini ungeuliza nini kimetubadilisha, na jibu ni mwanao; ndiyo maana nimevunja ombi lake na kukuambia.

Nakuombea,
Shemeji yako Xavier