Ngina, Uliyemtafuta Mburu

Mwaka umeisha, Ngina, tangu Benta mliyefundisha naye chuoni aje kwangu mimi nyanya yako, hapa Makongeni, asubuhi akasema, "Cucu, Daktari amelala."

Nikamuuliza, "Amelala wapi?"

Akalia. Hakujua kwa nini niliuliza. Wewe ungejua, mjukuu wangu.

Wajukuu wengine walikuja na mkate, wewe ulikuja na maswali. "Cucu, hiyo miaka ya Emajensi, hali ya hatari ya mkoloni, usiruke kitu." Nakuambia, "Si umesoma historia mpaka ukaitwa Daktari, na bado hujui?" Unacheka, unaniongezea sukari kwa chai, ile daktari wa hospitali alinikataza.

Nikakuambia habari ya kaka yangu Mburu, aliyefanya kazi kwa shamba la kahawa huko Ruiru. Mwaka wa hamsini na nne, jioni moja, hakurudi nyumbani Thika. Sisi Wakikuyu hatukuruhusiwa kutembea bila pasi. Mwenzake Barasa, Mluhya, ndiye alikuja, mbio, saa za kafyu ya usiku zikikaribia. Akamwambia mama mlangoni, "Mburu amelala Ruiru." Mama akasema asante. Kwa Kikuyu chetu kurara ni kukaa usiku mahali, kesho unarudi, na kwa ulimi wetu r na l ni kitu kimoja. Mama akamwekea Mburu chakula.

Mama alimngoja mpaka yeye mwenyewe akafa. Mbwa wakibweka anasema, "Huyo ni Mburu." Kanisani alikataa jina lake lisomwe pamoja na ya marehemu. Kungoja akaniachia mimi.

Ulipoandika kitabu chako cha watu wa kahawa, ulimpata Barasa kwao Bungoma, mzee kabisa. Ungeweza kuninyamazia. Ulikuja ukanishika mikono.

"Cucu, Barasa alisema 'amelala' kwa heshima. Mburu alikuwa amekufa. Askari walimpiga, wakamzika hapo hapo shambani."

"Na mama akasema asante," nikakuambia.

"Barasa anakumbuka. Hiyo asante haijawahi kumwacha."

Jumapili ile ulisimama kanisani ukasoma jina la Mburu, kwa ile sauti yako ya darasani, mpaka watoto wakanyamaza.

Sasa jina linalosomwa ni lako. Mbwa wa hapa bado wanabweka, Ngina, na mguu wangu unataka kwenda mlangoni. Naukataza. Wakati mwingine unaenda tu.

Mama yako Wangeci, kaka yako Kamotho, rafiki yako Benta, na mimi cucu yako: hatukungoji, mama. Tunakukumbuka, na hatutachoka.