Asali ya Mtama Imeiva Hässelby

Hässelby, Jumapili jioni

Mama,

Imeiva! Nimeanzia mwisho, mimi uliyekuwa ukiniita karani kwa kupenda utaratibu. Kwenye shajara nimeshaandika tarehe na hali ya hewa, lakini hayo hayatoshi, basi nakwambia wewe.

Unakumbuka mbegu za mtama mtamu ulizonifungia kwenye kitambaa safari yangu ya mwisho? Tangu ututoke, nyumbani Singida hakuna aliyepanda tena. Zilizobaki ni hizi zangu tu. Nusu nikazihifadhi, nusu nikapanda kwenye kibanda cha vioo bustanini. Jirani Mswidi akadhani ni mahindi yaliyokosa adabu. Juzi baridi ikatishia, nikakata mabua yote.

Mashine ya kukamulia sina. Nikamenya, nikasaga kwa blenda, nikakamua kwa khanga yako ya zambarau. Usinigombeze. Nilinusa kwanza. Harufu yako imekwisha, Mama.

Nikachemsha maji yake yawe asali, naengua povu la kijani, naogopa kuunguza. Eliza kasimama kando. Unajua mjukuu wako, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi. Nikawaza: hata ikiiva, baada yangu nani ataijua?

Mara akainua upawa, akapiga kelele: “Baba, zima! Inaning’inia kama kamasi!”

Mama! Maneno yako! “Ikidondoka kama machozi, koroga. Ikining’inia kama kamasi, epua.” Kumbe kila ulipomchekesha kwenye simu alikuwa anayaweka. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, kisha haikuwa kicheko tena.

Imetoka kikombe kimoja, nyeusi, na ule uchungu kidogo mwishoni. Nilimsimulia Eliza habari za yule mwalimu Mmarekani aliyekufundisha kuipika, kwamba kwao, mashambani katikati ya Marekani, waliipaka kwenye mkate wa mahindi, nawe ukamjibu, “Mwalimu, hii inataka viazi vitamu.” Basi tumeila na viazi vitamu.

Ila masuke hayakukomaa, jua la huku halikutosha. Imebaki ile nusu ya mbegu niliyoihifadhi. Nakuahidi: mvua zikianza naileta Singida, na Eliza ndiye atakayeifukia kwenye shamba lako, kwa mkono wake.

Pumzika, Mama. Sufuria hatujaiosha. Mjukuu wako bado anailamba.

Mwanao, karani wako