Kitufe cha Nyuma na Zamu ya Maji

Jumatatu, 3 Februari

"Anayebonyeza nyuma anataka kutoka, kwa hiyo tunamtoa." Kaniandikia hivyo Eliya, kijana wa Moshi mjini aliyetengeneza programu ya zamu za mfongo, mfereji wetu wa maji. Si kweli. Mtu aliyeingizwa moja kwa moja chumbani, akigeuka, anatafuta sebule. Hatafuti barabara. Nimemjibu kwa aya tatu, kisha nikaenda kukamua ng'ombe.

Jumanne, 4 Februari

Nimejaribu kwa simu yangu. Arifa inasema zamu yako ni kesho alfajiri. Ukiigusa, unafika kwenye ukurasa wa kupokea zamu. Ukiwa umeifungua programu mwenyewe, nyuma ya ukurasa huo kuna ratiba ya wiki. Ukiletwa na arifa, nyuma hakuna kitu. Unabonyeza, programu inajifunga.

Eliya anasema ni jambo dogo. Lakini hapa Old Moshi mtu hapokei maji kabla ya kujua anayemfuata. Ni adabu. Unamwendea, mnapatana mtakabidhiana saa ngapi. Kwa hiyo kila mtu anabonyeza nyuma kwanza. Hilo angelijua kama angewahi kuuliza.

Alhamisi, 6 Februari

Imetokea. Mama Ndeshi, jirani yangu wa chini, alipata arifa jana. Akabonyeza nyuma aone ratiba, akatupwa nje, akadhani amekwisha kupokea. Programu ikahesabu kwamba amenyamaza. Na kunyamaza ni kumpisha anayefuata. Sheria hiyo ni ya babu zetu, ila wao waliitana kwa sauti kutoka ng'ambo ya korongo, na ukiitika ulisikika.

Leo alfajiri kasimama na jembe mbele ya mfongo mkavu. Maji yako kwa mzee Kimaro, anayemfuata kwenye zamu. Miche ya kahawa ya Mama Ndeshi, aliyoilea aipande mvua za Machi zikianza, imeinama yote.

"Kimaro, umeniibia maji." Kamwambia mbele ya watu waliotoka ibada ya asubuhi. Mzee kaondoka. Hakuiba. Alipewa. Hawa wawili wamezikiana wazazi.

Jumamosi, 8 Februari

Kikao cha kamati ya mfongo. Eliya kapanda kutoka mjini. Katuamkia wote vizuri, shikamoo kwa kila mmoja, kisha kasema wazee wafundishwe kutumia simu. Nilikuwa na hotuba. Sikuitoa. Nimemwomba mwenyekiti atume arifa ya majaribio kwa Mama Ndeshi, nikampa Eliya simu ya mama huyo na kumtaka atuoneshe ratiba.

Kagusa arifa. Kabonyeza nyuma. Nje.

Mama Ndeshi kamtazama. "Basi na wewe mwanangu ufundishwe."

Watu wamecheka. Mzee Kimaro hakucheka, wala hakumtazama Mama Ndeshi. Wameketi pembe mbili za chumba.

Mwishoni Eliya kakubali: ratiba inapaswa kuwekwa nyuma ya ukurasa ule hata kwa aliyeletwa na arifa, ili kurudi nyuma kumfikishe hapo. Nimeuliza ni kazi kubwa kiasi gani. Kasema ya siku moja. Nina hasira.

Jumapili, 9 Februari

Jua kali. Miche inaendelea kukauka. Mama Ndeshi anaimwagia kwa ndoo, haitoshi. Kanisani kakaa mbali na akina Kimaro.

Jumatano, 12 Februari

Imerekebishwa. Arifa imefika mchana, Mama Ndeshi yuko uani kwangu. Kabonyeza nyuma, ratiba ikaja. Anayemfuata ni Kimaro. Kisha kajifunga khanga na kupanda kwa mzee, kupatana saa ya kukabidhiana. Sikumsindikiza. Hajarudi mpaka sasa, na sauti hazijapanda.

Nusu ya miche imekufa. Iliyobaki itapata maji kesho.

Ninyi wa mjini mnaotutengenezea programu: kabla hamjatutumia arifa, iguseni wenyewe, kisha bonyezeni nyuma. Mkijikuta nje, msiitume.