Mitambo Miwili Iliyovutana Tabora

Dada Zuhura, shikamoo.

Huku Tabora jua linakaanga hata reli. Juzi, hapa karakana ya treni, mitambo miwili inayochaji betri za mabehewa ilinitoa jasho. Taa za majaribio ziliwaka, zikafifia, zikawaka tena, na treni ya Mwanza ilikuwa iondoke jioni. Abiria wangesafiri gizani, nami ningerudishwa Dar kwa aibu.

Mama Adela, mwanakwaya wa mtaa wa Ng'ambo anayetuuzia mihogo kwa asali, akachungulia mlangoni.

"Mwanangu, mtambo mmoja ukiwa peke yake sauti imetulia. Mkiwasha wa pili, inavutana kama waimbaji wanaogombea wimbo."

Nikatega sikio. Kweli! Kila mtambo ulikuwa mbioni kurekebisha umeme wa mwenzake. Nikalegeza kidhibiti umeme cha mmoja, uwe mzito kidogo kujibu. Taa zikatulia tuli. Mama Adela akapiga kigelegele, nasi tukaila mihogo yake yote.

Treni iliondoka inang'aa. Nibusie watoto. Na majirani wasijue kwamba fundi wenu kafundishwa kazi na muuza mihogo. Mama mwambie tu, atacheka wiki nzima.

Mdogo wako akupendaye,
Hamisi