Kipimo cha Mama Mkwe Kinasema Mimi Mgonjwa

Mpendwa Bi Kuruthumu, shikamoo. Nisaidie kabla sijarudishwa kwetu Mapinga, na nguo zangu za harusi bado zinanukia udi.

Nimeolewa hapa Bagamoyo mjini na Haidar, fundi wa mashine za boti kule Mbegani, na sijui nianzie wapi kumsifu, maana akitoka asubuhi hurudi tena mlangoni kuniaga, na chapati zangu hata zilizoungua husema hajapata kula kitu kitamu kama hicho, nami namwamini. Siku ya harusi alinishika mikono hii iliyochorwa hina, kucha zote zimepakwa piko nyeusi tii, akasema asingependa rangi hiyo itoke, basi kila ikififia naipaka upya kwa ajili yake.

Tatizo ni mama yake, Bi Batuli, ambaye ana kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, kilibaki nyumbani tangu marehemu baba mkwe alipougua kifua, na wiki iliyopita moshi wa jiko ulinikohoza kidogo tu akakileta, akanibana, kikaandika themanini na nne. Akambana Haidar, tisini na nane.

"Mwanangu, kwenu hakuna mwenye maradhi ya kifua?" akaniuliza kwa ile sauti tamu ninayoiogopa.

"Hakuna, mama."

"Mbona mashine inasema lipo jambo?"

Tangu hapo ananipima kila siku, mara kidole hiki mara kile, na namba haipandi, ilhali mimi nabeba ndoo ya maji huku naimba. Nimemsikia akimwambia Haidar, "Tumefichwa. Ijumaa mrudishe kwao akatibiwe, akipona tutazungumza." Na Haidar wangu akanyamaza, Bi Kuruthumu. Alinyamaza.

Mimi nahisi anakichezea hicho kipimo, kwani juzi niliingia chumbani kwake bila hodi nikamkuta amejibana mwenyewe, kucha zake zina piko kama zangu, maana mashoga zake walimpamba naye kama mama wa bwana harusi, na aliponiona akakichomoa, akakificha chini ya mto, akanifokea, na jioni hakula. Kama si njama, alikuwa anaficha nini? Nikivunje, au nimwambie mume wangu achague?

Wahida, Bagamoyo

*

Marahaba, Wahida. Usivunje kitu cha watu, na usimlazimishe mwanamume kuchagua kati yako na mama yake wakati ndoa ingali mbichi.

Umenijazia ukurasa kwa chapati, na jibu umelipita mbio: kucha zako. Kipimo kile hupitisha mwanga kwenye ncha ya kidole ili kisome damu. Rangi nyeusi juu ya kucha huweza kuuzuia mwanga huo, kikatoa namba ya uongo. Mumeo hakupakwa piko, ndiyo maana yake ikatoka safi.

Lakini mimi sikupimi kwa gazeti. Nenda kituo cha afya kesho, usingoje Ijumaa, na mwambie muuguzi habari ya piko kabla hajakushika kidole. Atajua akupime wapi. Ukiona pumzi inakukatika au kifua kinabana, nenda saa hiyo hiyo. Nenda na Haidar asikie kwa masikio yake, na mkiwa njiani muulize alinyamaza kwa nini. Piko uiache. Anayesifu chapati iliyoungua ataridhika na kucha tupu.

Kisha kuna huyo mama uliyemshuku kwa kila kitu isipokuwa hofu. Mumewe alikufa kwa maradhi ya kifua, na kipimo ni kile kile. Amejifungia, amejibana kidole, ameona namba aliyoiona, na chakula kimemshinda. Hana wa kumwambia, maana nyumba nzima inamwogopa.

Kesho asubuhi nenda mlangoni kwake, safari hii upige hodi. Mwambie, "Mama, vaa baibui twende sote. Kucha zako nyeusi kama zangu."