Ndege Asiye na Wino

Lozells, Birmingham
9 Novemba 1973

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na kaka Shem. Kile kikohozi kimekuacha? Sisi hatujambo, ila baridi imeanza, na Mama hurudi kutoka kazini wodini miguu imemvimba. Anasema nikuambie ndizi za huku hazina ladha.

Mwezi uliopita mwalimu wa sanaa alitupeleka kuona picha za Wajapani. Wao huchonga picha kwenye ubao, wakapaka wino, kisha wakakandamiza karatasi juu yake. Nilisimama mbele ya korongo mweupe hadi wenzangu wakaniacha. Mwalimu akaniambia nimtazame kwa upande, na hapo nikaona manyoya yote, moja moja. Hayakuwa na wino hata kidogo. Karatasi mbichi ililazwa juu ya ubao mkavu, ikakandamizwa kwa kiwiko, ikainuka penye michongo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichonga ndege wangu. Rajni, rafiki yangu aliyezaliwa Kisumu, alinikuta nimeegemea meza kwa kiwiko, akasema, "Wee Charity, hizo ni chapati ama ni kazi ya shule?" Nilipomwonyesha akacheka zaidi, eti nimehangaika wiki nzima kutengeneza karatasi tupu. Sikumweleza. Unanijua na aibu zangu.

Baba, sasa nikuambie. Katika picha niliyokutumia Agosti nilikuwa nimekata nywele, fupi kama za mvulana. Niliogopa utakasirika. Wewe ukajibu kwamba nywele zangu za kusuka zimenipendeza. Nadhani Shem naye aliogopa kukuambia. Nilisoma maneno hayo tena na tena, kwa mwandiko wake, maana siku hizi barua zako zote ni mwandiko wake. Nikamuuliza Mama. Alilia, akasema macho yako hayaoni tena, na kwamba ulimkataza kunieleza nisije nikaacha shule. Sitaacha, Baba. Lakini usinifiche tena.

Katika bahasha kuna karatasi nyeupe, nimeifunga kwa kadibodi isibonyee. Shem, tafadhali, usimwambie chochote. Baba, nawa mikono, upitishe vidole polepole, uanzie mdomoni. Ni mmoja wa wale wa malishoni kwetu.

Wasalimie majirani, na shangazi Gertrude usimsahau. Ukimtambua ndege, niandikie jina lake, hata kwa mwandiko wa Shem.

Binti yako wa nywele fupi,
Charity