Sauti Iliyoniposa

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Nimeomba barua hii isomwe redioni, kwa sababu maneno yako nayo yalitoka redioni.

Nakukumbuka mnadani Murungu, kipaza sauti mkononi, ukinadi mitumba hadi akina mama wakasahau kilichowaleta. Ulikuwa mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, huna hata kipande cha shamba, lakini sauti yako ilikuwa mali. Ulikuja kwetu Kitahana, huku Kibondo, ukaniposa kwa sauti hiyohiyo. Mama alikupakulia samaki, migebuka ya mawese, akamwambia mdogo wangu Gervas, "Msogezee shemeji yako maji." Gervas alikupenda. Alikuwa akikuiga uani, anawanadi kuku wetu, nawe unacheka hadi machozi.

Kisha kwenu kukatulia, ukarudi. Uliniahidi utanifuata ukipata kazi. Kazi ukaipata redioni, mimi hukunifuata. Hilo nililimeza.

Lililofuata halikumezeka. Rais wenu alisimama jukwaani akasema waliokimbia nchi, na sisi tunaowahifadhi huku, ni magugu. "Gugu haliombwi litoke," alisema. "Hung'olewa." Nawe kila jioni ukayarudia kwa lugha yenu, ambayo sisi Waha tunaisikia bila mkalimani. Ukaongeza na ya kwako: "Mkimsikia mtu anaongea kama wa Kibondo, mnangoja nini?" Ukacheka. Kicheko kile nilikijua.

Gervas alikuwa amevuka mpaka kuuza maharage kwenu. Sokoni walimsikia akitaja bei, wakamtambua kwa lafudhi. Waliomrudisha kwa baiskeli, amefungwa kwenye turubai, walituambia kwamba waliompiga walikuwa wanaimba, "Ng'oa gugu." Mama hakulia. Alimwosha mwenyewe, kisha akaniuliza, "Ni yule shemeji yake aliyesema redioni?"

"Ni yeye, mama."

Mataifa yakaanza kutoa matamko. Huyu amesikitishwa, yule ana wasiwasi mkubwa, mabalozi wakaitwa makwao. Serikali yetu ikaomba pande zote zitulie. Rais wenu akajibu kwamba alikuwa anazungumzia kilimo. Kilimo! Na ndugu yangu ameshafukiwa.

Halafu ujumbe wa mataifa ukaja Kasulu kusikiliza mashahidi. Nilikwenda. Wakatusikilizisha matangazo yaliyorekodiwa. Upande wenu ulikuwa umekana, ukidai sauti ile ni ya kughushi. Mama mmoja wa ujumbe ule, mwenye mvi, aliniuliza kupitia mkalimani, "Una uhakika ni yeye?"

Nikamjibu, "Sauti hii iliniposa."

Mkalimani alinitazama kwanza, ndipo akatafsiri.

Baada ya hapo rais wenu akabanwa. Misaada ikasimamishwa, wakubwa wake wakanyimwa viza, naye akatafuta wa kumtupia lawama. Akakupata wewe. Akasema mtangazaji ndiye aliyeipotosha hotuba yake. Nimemwona kwenye taarifa ya habari akipeana mikono na mabalozi walewale, wote wanatabasamu. Yeye mkono wangu haumfikii. Wewe nakufikia.

Sasa umevuka tena, mkimbizi kwa mara ya pili. Ukamtuma mchuuzi wa dagaa aje aniambie: "Anasema alikuwa anatafuta riziki tu. Anakuomba, dada, useme uliifananisha sauti." Nilimkaribisha vizuri yule mchuuzi. Nilimmiminia chai, nikamsikiliza kwa upole kama mtu aliyekwisha samehe, nikaguna panapostahili kuguna, hadi akanielekeza mwenyewe nyumba unayojificha huko Munanila, na mti ulio mbele yake.

Wapo wanaoniambia kisasi hakimrudishi marehemu. Najua. Sikukituma kikamlete Gervas. Nimekituma kwako. Na nisikufiche: tangu azikwe, siku niliyokwenda polisi ndiyo siku ya kwanza niliyokula nikashiba. Mama alinisindikiza, amevaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono muda wote nikiwaelekeza njia, mti ulipo, hata rangi ya mlango wako.

Usinisubiri nikuonee huruma mahakamani. Nitakuja, nitakaa mbele, na kila utakapofungua kinywa utaniona.

Barua hii ilikuwa tayari siku nyingi. Nimeichelewesha makusudi, ili polisi wafike kwanza.

Ni mimi,
dada yake Gervas